Tarti ya Pome ya Mwaka 1514: Upishi wa Zamani ni wa Nani?

Utangulizi

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tunaifundisha kila mwaka. Tunaiandika ubaoni siku ya kwanza ya somo, na wanafunzi wanaiandika katika makaye yao bila kuuliza kitu. Lakini mwaka mmoja mwanafunzi wa nyuma kabisa alinyoosha mkono: "Mwalimu, na ule mutu asiyejua mila yake ni gani, yeye iko nani?" Kalasi nzima ilicheka. Sisi pia tulicheka, maana mwalimu asiyekuwa na jibu anacheka kwanza.

Swali lile limeturudilia hivi karibuni mbele ya meza ya chakula, kwa sababu ya tarti moja ya pome.

Mambo yalikuwa hivi. Katika komine ya Makiso kulikuwa siku ya maonyesho ya vyakula vya zamani. Banamama walileta lituma ya makemba na samaki wa mto, sombe, kwanga, maboke, mbinzo, pilau, bugali ya mihogo na pilipili yake. Meza ya mwisho kabisa, karibu na mlango, ilikuwa ya vijana wanne, wasichana watatu na kijana mmoja, wote wamemaliza sekondari. Wao walileta tarti. Mbele yake waliweka karatasi iliyoandikwa kwa mkono mzuri: "Tarti ya pome kufuatana na upishi wa zamani, 1514."

Juri ilikuwa na watu watano. Ilipofika kwenye meza ile, mama mmoja mwenye heshima alisema kwa sauti ya juu: "Ile iko kintu ya Bazungu. Inatafuta nini hapa?" Watu walipiga makofi. Juri ikapita bila kuonja na bila kutoa pointi hata moja. Jioni tulimwona mmoja wa wale wasichana akirudi nyumbani na sahani yake imefunikwa na kitambaa, kama mtu anayebeba kitu alichoiba.

Msomaji mpenzi, tukuambie ukweli: sisi tulikuwa mmoja wa wale watano, na tulinyamaza. Makala haya ni hukumu ambayo juri ilipaswa kuitoa siku ile. Tumechelewa, lakini tunaitoa. Na isifikiriwe kwamba tunataka kuisifu tu tarti ile, sababu ilikuwa na makosa yake, na makosa hayo ni mazito kuliko lile ambalo juri iliona.

1. Tarti yenyewe

Tulionja kipande. Tulikiomba nyuma ya nyumba, wakati wakubwa walikuwa wanakunywa. Kwa hiyo tunasema juu ya kitu tulichokitia mdomoni.

Kwanza kitabu. Kitabu ambacho vijana walikifuata kipo kweli. Kilichapwa Bruxelles karibu mwaka 1514 na mchapaji Thomas van der Noot, na kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha upishi kilichochapwa katika lugha ya Kiholanzi. Ubelgiji kama nchi haikuwa bado, ilizaliwa 1830. Wakati ule Bruxelles ilikuwa mji wa Brabant. Ndani ya kitabu kile kuna namna ya kupika tarti ya pome. Unatandika unga uliokandwa, unajaza pome laini zilizomenywa na kutolewa mbegu, unafunika na unga mwingine, unachoma. Ikiisha kuiva unakata kifuniko cha juu katikati, unakoroga pome ndani kwa mwiko wa mti, na hapo ndipo unatia viungo: iliki, tangawizi, mdalasini, kungumanga, karafuu, basibasi, na sukari iliyosagwa. Unatia na krimu, halafu unairudisha kwenye moto mpaka ikauke.

Sasa tulinganishe. Vijana walitia mdalasini peke yake. Viungo vile vingine vyote havikuwamo. Walitia kila kitu mara moja, wakafunika, wakachoma mara moja. Ile kazi ya kufungua kifuniko, kukoroga na kurudisha kwenye moto, ambayo ndiyo roho ya namna ile ya kupika, waliiacha. Tena, walipotuonyesha walichotumia, tuliona margarini na poda ya kuvimbisha keki. Margarini ilitengenezwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1869. Poda ile nayo ni ya karne ya 19. Huwezi kuandika 1514 juu ya karatasi na kutia 1869 katika unga. Mwanafunzi akifanya hivyo katika somo la historia tunamkata pointi.

Pome nazo zilikuwa kosa. Mti wa pome unahitaji majira ya baridi ili utoe maua vizuri, na Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katika bonde lenye joto mwaka mzima. Pome tunazoziona sokoni zimetoka mbali, zimesafiri kwa ndege ao kwa lori, na ni za kula mbichi. Ukizitia katika moto zinatoa maji mengi. Ndiyo sababu sehemu ya chini ya tarti ilikuwa laini kama uji. Na bei! Msichana mmoja alitueleza kwamba walichanga pesa kwa muda wa wiki tatu kwa ajili ya pome kumi na mbili, na pesa ile ingetosha kununua mkungu mzima wa makemba na kubaki na ya makala.

Lakini haki ni haki, tuseme na mazuri. Hawakuwa na furu ya umeme, na hata wangekuwa nayo, umeme wa mji wetu tunaujua. Walichoma tarti katika sufuria kubwa yenye mchanga chini, bati juu, makala ya moto chini na juu ya bati. Kuongoza moto wa namna hiyo kwa saa nzima bila kuunguza ni ufundi. Ukingo wa tarti ulikuwa umekunjwa kidogo kidogo kama ukingo wa sambusa, sawasawa pande zote, wala hakuna mahali palipofunguka. Tulipouliza nani aliwafundisha mkunjo ule, walisema: mama mkubwa wa mmoja wao, anayeuza sambusa. Mambo hayo mawili, moto na mkunjo, ndiyo yaliyokuwa ya kweli katika tarti ile. Na hayakuandikwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo hukumu yetu ya kwanza ni hii: kama kazi ya upishi wa kihistoria, tarti haikufaulu. Ilichukua jina na mwaka wa kitabu, ikaacha mwendo wake.

2. Juri nayo

Tukigeuka sasa upande wa juri, yaani upande wetu wenyewe, mambo hayawi mazuri zaidi. Tulikataa tarti kwa sababu "si kintu yetu". Basi tutembee tena pamoja mbele ya meza zile tulizozipa pointi, tukiuliza kila chakula kimetoka wapi.

Mihogo ilitoka Amerika. Wareno waliileta pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16, na kutoka huko ilipanda kidogo kidogo mpaka kwetu. Mahindi, karanga na pilipili vilevile ni vya Amerika. Kumbe mwaka ule wa 1514, ambao Mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia barua Mfalme Manuel wa Ureno, na ambao kitabu cha Bruxelles kinakadiriwa kuchapwa, hakuna mtu hapa kwenye maporomoko aliyekuwa amekula sombe wala bugali ya mihogo. Tarti ya pome ya Bruxelles ni mzee kuliko sombe ya Kisangani. Tunajua sentensi hii itawaudhi wengine, lakini ndivyo ilivyo.

Mchele? Mchele wetu ulikuja na Waarabu na Wangwana. Stanley alipita kwenye maporomoko mwaka 1877, kituo chake kikajengwa 1883, na mwaka 1887 Hamed bin Muhammad, yule anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alifanywa gavana wa hapa. Watu wake walikuwa wamefungua mashamba ya mpunga toka Maniema mpaka Falls. Njia ileile iliyoleta mpunga ndiyo iliyoleta Kiswahili hiki tunachokiandika. Na njia ileile, tusisahau, ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Pilau tuliyoipa pointi nyingi siku ile imepita humo. Hatusemi tuikatae. Tunasema tu kwamba haikuzaliwa hapa.

Makemba je? Hata yale, tunayoyaona kuwa damu yetu, asili yake ni Asia ya kusini-mashariki. Yalifika zamani sana, kabla ya mapokeo yetu mengi kuanza kuhesabu, na watu wa msitu waliyafanya kuwa yao kabisa mpaka lituma ikazaliwa. Vitu vilivyo vya hapa toka mwanzo ni vichache: mawese, safu, mbinzo, samaki wa mto, majani ya porini. Kama juri ingefuata kanuni yake yenyewe mpaka mwisho, meza zingebaki karibu tupu.

Na pome? Nayo si ya Bruxelles. Mti wake ulitoka milima ya Asia ya kati. Ngano ilitoka Mashariki ya Kati. Karafuu na kungumanga za mwaka 1514 zilitoka visiwa vya mbali vya Maluku, na zilipita mikono mingi kabla ya kufika Brabant. Kila mtu katika hadithi hii alipokea.

Hapa kuna jambo ambalo juri ingeliona kama ingeonja na kusoma. Soma tena orodha ya viungo vya kitabu kile: iliki, tangawizi, mdalasini, kungumanga, karafuu. Mama yeyote wa familia ya Wangwana hapa mjini akisikia orodha hiyo atauliza: "Munapika pilau?" Viungo vilevile vilikwenda Bruxelles kwa njia yao, na vilikuja Kisangani kwa njia ya Zanzibar, Tabora, Ujiji na Kasongo. Vijana walizunguka mji mzima wakitafuta pome ghali, wakaacha karafuu iliyokuwa nyumbani kwa jirani.

3. Mpishi asiyetajwa

Tungeweza kumaliza hapa. Lakini kuna sababu nyingine iliyotufanya tusilale usiku ule, nayo ni ya nyumba yetu.

Koko yetu, baba ya mama yetu, alikuwa mpishi. Katika Stanleyville ya Wabelgiji kazi ya jikoni katika nyumba za Wazungu ilifanywa mara nyingi na wanaume, na mwanaume mwenye watoto sita aliitwa "boi" mpaka alipokuwa na mvi. Unga ulipanda mto kutoka Léopoldville kwa meli, karibu kilomita 1700. Pome zilikuja mara chache, na zaidi zilikuja zimekauka ao ndani ya kopo. Bibi wa nyumba alisoma kitabu kwa sauti mara moja, na koko, ambaye hakujua kusoma, alishika kichwani. Wageni walipokula tarti walimpongeza bibi. Jioni koko alirudi cité akiwa na karatasi yake mfukoni, sababu mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea usiku katika mji wa Wazungu bila ruhusa. Nyumbani alikula lituma. Watoto wake hawakuonja tarti hata siku moja, ndivyo mama yetu anavyosema.

Halafu 1960, uhuru. Halafu Agosti 1964 Simba waliuchukua mji, na katika miezi ile haikuwa vizuri kujulikana kuwa ulifanya kazi kwa Wazungu. Koko alizika sahani zake mbili za tarti nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Alizifukua miaka baadaye, moja ikiwa imekwisha kula kutu. Tulipokuwa watoto tuliiona ile iliyobaki, imetundikwa juu ya ukuta wa jiko. Tukimuuliza ni ya nini, alijibu: "Ya kazi." Basi, hapo hapo anafunga mdomo.

Ndiyo sababu neno lile "kintu ya Bazungu" lilituchoma, ingawa tulinyamaza. Ni nani aliyewasha moto? Ni nani aliyejua, kwa kuweka mkono tu karibu na bati, kwamba sasa joto limetosha? Elimu ile ilikuwa mikononi mwa watu wetu kwa zaidi ya miaka hamsini. Vitabu vya Wabelgiji havikuwataja majina, na sisi nasi, katika siku zetu za utamaduni, hatuwataji. Wao waliwaficha jikoni. Sisi tunawaacha hukohuko.

Wengine watasema: hiyo ilikuwa elimu ya utumwa, heri isahaulike. Hoja hii tunaiheshimu. Koko mwenyewe pengine angekubaliana nayo siku fulani. Lakini mbona mpunga, uliokuja na watumwa waliofungwa, hatuuiti chakula cha utumwa? Ni kwa sababu umepita muda, na kwa sababu mama zetu waliupika wakiwa kwao, kwa ajili ya watoto wao. Chakula kinakuwa chetu siku tunapokipika kwa ajili yetu. Tarti haikupata siku hiyo. Ao tuseme vizuri: ilipata mara moja, na tuliiona.

4. Jani

Kuanzia 1998 vita ilikata nchi. Njia ya mto kwenda Kinshasa ilifungwa, meli hazikupanda tena, na unga wa ngano ulikuwa kama dawa. Mwaka 2000, mwezi wa sita, majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana ndani ya mji wetu kwa siku sita, na watu walikufa katika nyumba zao. Sisi wakati ule tulikuwa tunasoma ualimu. Mwisho wa mwaka ule, kwa Noeli, mama yetu alisema hakuna kitu cha kufanya sikukuu. Koko, ambaye alikuwa mzee sana, alisimama, akashusha ile sahani ya ukuta, akaiangalia. Ilikuwa imetoboka.

Basi alifanya hivi. Alichukua papai bichi, akalikata vipande vyembamba, akalipika na ndimu na sukari kidogo iliyobaki mpaka likawa na uchachu kama pome. Alimtuma dada yetu kwa jirani mmoja mwislamu kuomba karafuu mbili na kipande cha mdalasini. Jirani alitoa na iliki juu yake. Kwa unga alitumia makemba mabichi yaliyokaushwa juani na kutwangwa. Sisi tuliotazama tulimwambia unga ule hautashikamana, sababu hauna mvuto wa ngano. Alijibu bila kugeuka: "Koko, jani njo linakamata. Bunga haina nguvu, jani iko na nguvu."

Alitandika majani ya maboke, yale mapana yanayotumika kufungia samaki na kwanga. Akaweka unga, papai juu yake, unga tena, akafunga, akaweka katika sufuria yenye mchanga. Ikiisha kuiva akafungua juu, akakoroga, akatia viungo, akafunga tena na kurudisha kwenye moto. Wakati ule hatukujua kitabu cha Bruxelles. Leo, tukisoma namna yake ya kufungua, kukoroga na kurudisha, tunamwona koko amechuchumaa mbele ya mbabula. Kama bibi wake aliipata namna hiyo katika kitabu fulani kilichofuata cha zamani, ao koko aliigundua mwenyewe, hatutajua, hakuna wa kuuliza tena.

Tulikula sote. Watoto wake walikula tarti yake siku ile, mama yetu akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini.

Na sasa tuangalie jambo hili kwa akili, tuache machozi. Ganda la tarti lilikuwa la nini mwanzoni? Katika upishi wa Ulaya ya zamani, kwa mfano katika maandishi ya wapishi wa mfalme wa Uingereza ya karibu mwaka 1390, ambamo pia kuna tarti ya pome, ganda linaitwa kwa neno lenye maana ya kisanduku. Lilikuwa gumu. Kazi yake ya kwanza ilikuwa chombo: kushika chakula, kukinga na moto, kutunza maji na harufu ndani. Utamu wa ganda lenyewe ulikuja kuangaliwa zaidi baadaye.

Je, msomaji wa Kisangani anahitaji kuelezwa chombo cha namna hiyo? Liboke ni nini? Ni kisanduku cha jani. Kinashika samaki, kinamkinga na makala, kinatunza maji na harufu, na tena kinatoa harufu yake. Watu wa Ulaya walikuwa na ngano, wakafanya kisanduku cha ngano. Watu wa msitu walikuwa na jani. Swali lilikuwa moja, na kila mmoja alijibu kwa kitu alichokuwa nacho mlangoni. Koko aliona hilo kwa sababu alikuwa amefanya kazi zote mbili kwa mikono yake: ngano mchana, jani usiku.

Kwa maoni yetu hapo ndipo ulipo upishi wa zamani. Mtu anayeiga kitabu bila kujua kila kitu kilikuwa na kazi gani atatia mdalasini na margarini na kuandika mwaka juu ya karatasi. Mtu anayejua kazi ya kila kitu anaweza kubadilisha pome kwa papai na ngano kwa jani, na bado akawa karibu zaidi na mpishi wa 1514 kuliko yule aliyenunua pome kumi na mbili.

Kumalizia

Tunatoa basi pointi ambazo hazikutolewa. Kwa tarti ya vijana wanne, juu ya kumi: moto, tisa, mkunjo, tisa, ladha, tano, uaminifu kwa kitabu, mbili. Kwa juri, na sisi tukiwamo: moja, na hiyo moja ni kwa ajili ya kuonja kwa siri.

Tunaomba pia jambo kwa wale wanaotayarisha siku kama hizi. Kwenye kila sahani iwekwe karatasi, si ya tarti tu, hata ya sombe, hata ya lituma. Karatasi ijibu maswali matatu: vitu hivi vilifika hapa kwa njia gani; nani alikufundisha kupika; kwa nini inafanywa hivi na si vingine. Mama wa lituma akijibu swali la tatu, wasichana wetu watajifunza mambo ambayo sasa yanapotea, kwani wengi wao wanajua kula lituma na hawajui ni makemba ya ukomavu gani yanayofaa kwa kinu. Nyumba yenye koko aliyekuwa mpishi, fundi wa mampa, ao muuza sambusa, imuulize leo. Wa kwetu tulichelewa kumuuliza.

Mwezi uliopita tuliwatafuta wale vijana. Yule msichana wa kitambaa alitufungulia mlango, akatuangalia kama mtu anayengoja kutukanwa tena. Tuliomba msamaha kwanza. Alisema, "Mwalimu, imekwisha," kwa namna inayoonyesha haijakwisha. Halafu tulimweleza habari ya papai na jani. Hakusema kitu, lakini siku ya Jumamosi walituita wote wanne.

Walikuwa wamejaribu. Walikosa kiasi cha makala ya chini. Jani la kwanza liliungua, papai likapata harufu ya moshi, na unga wa makemba ulikuwa mkavu kidogo. Karafuu ilikuwa nyingi mno. Tuliwaambia hayo yote, sababu ndiyo kazi yetu. Kijana alikuwa anaandika katika kaye. Msichana aliuliza: "Na koko yenu alikuwa anatia majani mangapi?" Tulifikiri vizuri, tukakumbuka mikono yake ikipanga moja juu ya nyingine. Yalikuwa matatu, ao manne. Tuliwaambia wajaribu manne.